Glock, Beretta au Lipa Namba? Hesabu niliyopiga baada ya kuporwa

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei gani" halafu anapotea. Leo naongelea bastola. Najua umeshtuka. Hata mimi nilishtuka nilipojikuta saa nane za usiku nasoma habari za Glock badala ya kupanga oda za kesho. Soma mpaka mwisho, maana humu ndani kuna hela yako.

Mimi ni binti wa Jangwani, nimeishia form four, biashara nimejifunzia Kariakoo kwa macho na kwa hasara. Nauza kava za simu, chaja, spika ndogo na saa. Nusu ya mauzo yanatoka mtandaoni, nusu kwa wanaokuja kwenye fremu tunayochangia watu wanne.

Mwisho wa mwezi mmoja nilifunga saa tatu usiku. Kwenye mkoba nilikuwa na 1,850,000 taslimu, hela ya kumlipa mtu wangu wa jumla kesho yake alfajiri. Kutoka fremu hadi nyumbani ni mwendo wa miguu tu, njia naijua toka nasoma chekechea. Nilipokaribia jengo la Yanga ikaja pikipiki kwa nyuma, watu wawili. Sikusikia hata neno. Mkono ukashika mkanda wa mkoba, mimi nikawa chini, pikipiki ikawa mbali. Wale wale tunaowaita vishandu. Goti lilipona kwa wiki mbili. Deni la mtu wa jumla nililimaliza baada ya miezi mitano.

USHAURI ULIPOANZA KUMIMINIKA

Ukiporwa kila mtu anakuwa mshauri. Mwingine alisema niokoke, mwingine alisema nihame Jangwani. Binamu yangu ndiye aliyeniingiza kichwani: "Dada, biashara ya sasa hivi bila mguu wa kuku utalia kila mwezi." Kwa ambaye hajui, mguu wa kuku ni bastola kwa lugha ya mtaani.

Nikacheka. Lakini usiku sikulala. Nikawaza, mbona wenye maduka makubwa wanazo? Mbona mwenye duka la dhahabu anatembea na kiuno kimevimba na hakuna anayemgusa? Halafu biashara ya Kariakoo siku hizi ni ya usiku pia, tangu izinduliwe ile ya saa 24 mwaka 2025. Nikasema ngoja nilifanye kama ninavyofanya mzigo wowote: nilinganishe aina, nijue bei ya kule, nijue gharama ya kuuingiza, kisha niamue. Ndicho nilichofanya kwa wiki kama tatu.

KULINGANISHA AINA

Kwanza ujue bastola ziko za namna mbili kubwa. Kuna rivolva, ile ya kwenye filamu za zamani yenye gurudumu la kuweka risasi. Na kuna ya nusu otomatiki, ambayo risasi zinakaa kwenye magazini ndani ya mpini. Ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, inajipakia yenyewe nyingine, inasubiri uvute tena. Ile inayomwaga risasi mfululizo ukiwa umeshikilia triga tu ni silaha ya vitani, mimi na wewe haituhusu.

Glock inatoka Austria. Jeshi la huko liliipokea mwaka 1982. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, ndiyo maana ni nyepesi. Glock 17 magazini yake ya kawaida inabeba risasi 17. Glock 19, iliyotoka 1988, ni fupi kidogo, inabeba 15, na ikiwa tupu ina uzito wa gramu kama 600. Haina ile loki ya pembeni ya kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake uko kwenye triga yenyewe. Maana yake ni kwamba iko tayari muda wote, kwa aliyefunzwa na kwa mtoto aliyeiokota.

Beretta 92 inatoka Italia. Jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985 wakaiita M9. Inabeba risasi 15, ina loki ya pembeni, lakini ni nzito, inakaribia kilo nzima. Fikiria kilo ya sukari kiunoni kutwa nzima na jua la Dar.

CZ 75 ni ya Wacheki, ilitoka mwaka 1975 kama jina lake linavyosema. Ni ya chuma, nzito vilevile, na inasifiwa kwa kutulia mkononi.

Makarov ni ya Warusi, ya mwaka 1951. Ndogo, ngumu, inabeba risasi 8. Sasa hapa kuna mtego ambao mtu wa vifaa vya simu atauelewa haraka. Risasi ya Makarov ni milimita 9, na ya Glock ni milimita 9, lakini haziingiliani. Ya Makarov ina urefu wa 18, ya Glock, Beretta na CZ ina urefu wa 19. Ni sawa na mteja aliyenunua chaja kwa kuwa imeandikwa "ya simu", kufika nyumbani pini haiingii.

Halafu kuna za Uturuki, kama Canik na Sarsılmaz, ambazo zimepata soko kwa sababu bei yake iko chini ya zile za majina makubwa. Sisi wa Kariakoo hilo tunalijua. Mzigo wa Uturuki una watu wake.

Mpaka hapo nilishajiona mtaalamu. Nilikuwa nimechagua Glock 19. Nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Kumbuka hilo neno mkoba, nitalirudia.

GHARAMA YA KUINGIZA

Ukizoea kuagiza mzigo Guangzhou kwa kuchangia kontena unadhani kila kitu kinaingia hivyo. Hiki hakiingii hivyo hata kidogo.

Sheria yetu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huanzi na kununua, unaanza na kuomba. Maombi yanaanzia unakoishi, watu wa mtaa wako wanaulizwa wewe ni nani, yanapanda wilaya na mkoa mpaka kwa Msajili wa silaha aliyeko Jeshi la Polisi. Wanaangalia umri, akili timamu, kama una rekodi ya makosa, kama unajua kuitumia, na kwa nini unaitaka. Kibali kinakuja kwanza, silaha inafuata.

Ukitaka kuitoa nje ya nchi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaiweka kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti, yaani bila kibali haipiti. Na kule inakotoka, muuzaji naye lazima awe na kibali cha serikali yake cha kuisafirisha, iwe Marekani au Ulaya. Kwa hiyo kuna ruhusa mbili za nchi mbili kabla chuma hakijagusa ndege. Alibaba hawauzi kabisa. Na yule kijana wetu wa kago anayekuletea kava kwa kilo, ukimtajia tu atakata simu.

Sasa hesabu. Hizi ni namba za mfano nilizoweka kwenye daftari langu, wewe badilisha kadiri ya hali.

Bei ya dukani Marekani ya Glock 19 mpya inacheza kwenye dola 500 hadi 650. Nikaweka 600. Usafiri maalumu na bima nikakadiria dola 300, inakuwa 900. Ushuru wa forodha nikapigia asilimia 25, ni dola 225, inakuwa 1,125. VAT asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 1,125, siyo juu ya 600. Wengi mnakosea hapa hata kwenye mzigo wa kawaida, kwa hiyo chukua somo. Hiyo ni dola 202 na nusu. Jumla 1,327 na nusu. Kwa dola ya shilingi 2,600 ni 3,451,500.

Hapo sijaweka tozo ndogo ndogo za bandarini, wakala wa forodha, ada za leseni, mafunzo, risasi za kujifunzia, wala sanduku la chuma la kuitunzia. Weka vyote, milioni nne unaziacha nyuma.

Kununua kwa muuzaji mwenye leseni hapa hapa nchini kunakupunguzia mbio za forodha, lakini ushuru ule ule yeye ameshaulipa na ameuweka kwenye bei. Hakuna mwenye duka anayekulipia ushuru kwa upendo, mimi na wewe tunajua.

Nikaweka daftari chini, nikajiuliza swali la kibiashara. Nimeporwa 1,850,000. Nataka kutumia karibu mara mbili ya hiyo ili nisiporwe tena. Hiyo 3,451,500 kwa kava ninayonunua 3,000 ni kava 1,150. Nikiuza 7,000 kila moja, faida kabla ya matumizi ni milioni 4.6. Bastola haina faida. Ni mzigo unaokaa stoo mpaka unakufa, na ukikosea kidogo unakufa wewe.

YULE WA LAKI NANE

Nikiwa bado nawaza, akanijia mtu inboksi. Sijui alijuaje, labda binamu ana mdomo. Akaandika: "Sister nina chuma safi, laki nane, hakuna makaratasi, delivari bure." Yaani delivari bure, kama anauza pochi.

Nitasema ukweli wangu. Kwa dakika kama tano nilishawishika. Laki nane na milioni nne, mfanyabiashara gani hashawishiki?

Kilichonizuia ni swali tunalouliza kwa simu ya mkononi inayouzwa nusu bei: imetoka wapi? Julai 2015, hapa hapa Dar, kituo cha polisi Stakishari kilivamiwa usiku, askari wakauawa, bunduki zikabebwa. Silaha isiyo na makaratasi ina mwenyewe mahali, na huenda mwenyewe yuko kaburini. Unainunua wewe na historia yake yote. Siku ikikamatwa kwako, wewe ndiye utakayeeleza ilimuua nani.

Na kesi ya silaha bila leseni haifanani na kesi ya kuuza bila risiti. Huwa inafunguliwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi. Dhamana yake si ya kwenda na kitambulisho cha mjumbe ukarudi nyumbani kupika. Duka litafungwa, akaunti italala, wateja watahama, na mama yako ataanza kuijua njia ya Segerea.

Nikamblokia. Na kwenu wauzaji wa mtandaoni naongeza hili: Facebook na Instagram walipiga marufuku watu binafsi kuuziana bunduki tangu Januari 2016. Hata ukipost kwa utani "nani anataka chuma" unachezea akaunti uliyoijenga miaka. Mimi hata vile viberiti vya gesi vyenye umbo la bastola nimeviondoa kwenye ukurasa wangu. Faida yake ya buku mbili hailingani na wafuasi wangu.

MZEE WA MTAA WA PILI

Kuna mzee anauza jumla vitenge, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ana bastola kwa leseni, miaka mingi. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, unalala wapi?"

Nikamwambia nalala kwetu Jangwani, nyumba ya kupanga ya vyumba sita, chumba kimoja tunalala mimi, mama na mdogo wangu wa miaka tisa. Akatikisa kichwa.

Akasema yeye amechimbia sanduku la chuma ukutani, nyumba yake mwenyewe, ufunguo anao yeye peke yake. Hata hivyo, akasema, siku ya Ijumaa haingii nayo msikitini. Akiiacha kwenye gari, hotuba yote haisikii, anawaza kioo cha gari. Harusini haendi nayo. Akinywa dawa ya usingizi anaogopa. Mjukuu akija kulala, yeye halali. "Haijawahi kuniokoa hata siku moja," akasema. "Lakini imeniamsha usiku mara nyingi."

Nikamuuliza, kwa nini basi hairudishi? Akasema yeye anabeba hela ya watu, na kuna safari za mikoani anazofanya na mzigo. Ana sababu. Ila akaongeza: "Wewe sababu yako ni mkoba. Badilisha mkoba kwanza."

Nilirudi nyumbani nikaangalia chumba chetu. Sanduku la chuma ningelichimbia wapi, kwenye ukuta wa mwenye nyumba? Na sisi ni watu wa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 nilikuwa mdogo lakini nakumbuka magodoro kichwani na majirani waliohamishiwa Mabwepande. Mpaka leo mvua ikikaza Msimbazi unajaa, na sisi tunatoa vitu usiku, kila mtu anabeba alichoshika. Mdogo wangu anabeba alichoshika. Hebu fikiria anashika nini.

NIRUDISHE ULE USIKU

Sasa turudi kwenye neno mkoba.

Nilikaa nikairudisha ile dakika kichwani, safari hii nikiwa na Glock 19 yangu ya 3,451,500. Natembea. Pikipiki inakuja nyuma. Mkono unashika mkanda. Niko chini.

Bastola iko wapi? Iko kwenye mkoba. Imeondoka na pikipiki pamoja na 1,850,000.

Kwa hiyo vishandu wangekuwa na hela yangu na silaha ambayo namba yake imeandikwa kwa jina langu. Nchi zetu zilisaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 inayotaka silaha ziwekewe alama na kumbukumbu zitunzwe, kwa hiyo ikitumika kumpora wakala wa Manzese wiki ijayo, mlango unaogongwa ni wa kwetu. Sheria inamtaka mwenye silaha aitunze salama na atoe taarifa polisi ikipotea. Ningeanza maisha ya kuandika maelezo kituoni badala ya kujibu wateja.

Haya, tuseme ningekuwa nayo kiunoni. Wamenichukua kwa nyuma, sekunde tatu. Mpaka nikae sawa wapo mbali, na mbele yangu kuna watu wanatembea, mama ntilie anafunga jiko, watoto wanatoka kununua chapati. Ninampiga nani? Sheria inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mtu anayekimbia amekupa mgongo, hatari ya maisha yako imeshaisha. Kumpiga risasi kwa sababu ya mkoba kunakutoa kwenye mlalamikaji, kunakupeleka kwenye mshtakiwa.

Na hata sheria ikiniachia, mimi mwenyewe ningejiachia? Yule aliyevuta mkoba wangu anaweza kuwa kijana niliyesoma naye shule ya msingi. Simtetei. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kuanzia miaka 30 jela, na ikimkuta sitalia. Lakini kumuua mtu kwa 1,850,000, hapana. Bei hiyo sikuiweka mimi kwenye daftari na siwezi kuiweka.

TATIZO LANGU LILIKUWA HAPA

Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza siku ya kwanza. Kwa nini nilikuwa na 1,850,000 mkononi saa tatu usiku?

Jibu linaniaibisha, nalitoa kwa sababu najua hatuko wachache. Nilikuwa nakwepa makato. Toka tozo ya miamala ya Julai 2021 wengi wetu tulirudi kwenye taslimu. Tozo yenyewe baadaye ikapunguzwa, lakini tabia ikabaki. Nilikuwa nawaambia hata wateja wa mtandaoni "nitumie kwa boda, mpe keshi". Nikaona mjanja.

Na kuweka hela kwenye simu kwa wakala ni bure. Bure! Makato yanakuja wakati wa kutoa. Ili nisikatwe maelfu machache asubuhi, nikatembea na hela ya miezi mitano usiku. Nilikuwa tayari kununua mguu wa kuku wa milioni tatu na nusu kulinda ubahili wa buku kadhaa.

Nikamfuata mtu wangu wa jumla nikamuuliza kama anapokea kwa simu au benki. Akafungua droo, akatoa kibao cha lipa namba, kina vumbi. "Hakuna anayeniulizia," akasema. Miaka miwili nambebea hela taslimu, kibao kiko kwenye droo!

MSIMAMO WANGU

Sisemi bastola ni haramu kwa kila mfanyabiashara. Mwenye duka la dhahabu, mwenye kubadilisha fedha, mzee wangu wa vitenge anayesafiri, hao wana sababu, na wakifuata sheria, wakafunzwa, wakawa na pa kuitunzia, ni haki yao. Lakini sisi wa mtaji wa laki tano mpaka milioni tano, tunaolala vyumba vya kupanga na wadogo zetu, bastola kwetu ni hasara tunayojinunulia wenyewe. Kabla hujauliza Glock na Beretta ipi kali, uliza hela yako inatembeaje.

Haya ndiyo niliyobadilisha, na yote pamoja hayajafika laki moja:

1. Mteja wa mtandaoni analipa kwa simu kabla mzigo hautoki au unapofika mlangoni. Boda wangu habebi keshi ya mtu. Hata yeye ameshukuru, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapigwa kwanza.

2. Taslimu ya dukani naiweka kwa wakala mara mbili kwa siku, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na saa nazibadilisha badilisha. Usiku natembea na nauli tu.

3. Mtu wa jumla namlipa kwa lipa namba au benki. Makato nayaingiza kwenye bei ya bidhaa kama nauli ya mzigo. Kwenye kava ni shilingi chache, mteja hajalalamika hata mmoja.

4. Mkoba nimeacha. Simu mfuko wa mbele, mikono mitupu. Natembea upande ambao pikipiki zinanikabili, hazinijii kwa nyuma.

5. Tunafunga pamoja, watu wanne wa fremu, tunaongozana mpaka njia panda. Aliyemaliza mapema anasubiri. Hii ni bure na ndiyo iliyonipa usingizi.

6. Siposti mauzo ya siku. Zile picha za noti kitandani na maneno "Mungu ni mwema leo" tunawaandikia vishandu ratiba yetu.

7. Ukiporwa, toa taarifa kituoni hata kama unaona hela haitarudi. Wakizoea kuona kimya wanazoea na njia.

Kama unayo silaha ya urithi, ya babu au ya marehemu baba, na haina makaratasi, usiiuze wala usiifiche. Serikali huwa inatangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha. Nenda, isalimishe, ulale.

Daftari langu la bastola bado ninalo. Ukurasa wenye hesabu ya 3,451,500 nimeubandika ukutani kwenye fremu. Kila nikiona makato ya mia tano nikaanza kunung'unika, naangalia pale, nanyamaza.

Na wewe, una hela kiasi gani mkononi sasa hivi ambayo ingekuwa kwenye simu? Jibu kimoyomoyo, halafu mtumie posti hii yule mwenzako anayefunga duka peke yake usiku. Mauzo mema.